Shajara ya mradi: majani ya vichaka kwa mbuzi wetu, Kongwa

Aprili 18

Naanza kuandika leo maana nikitegemea kichwa ntasahau. Mwaka jana kuanzia mwezi wa kumi tulipoteza majike watatu, wote wana mimba, na kilichonisumbua mpaka leo ni kwamba ukiwaangalia matumbo yao yalikuwa yamejaa. Huku tunasema mbuzi kafa na njaa, sasa njaa gani na tumbo limejaa? Tulipompasua mmoja tukakuta tumbo la kwanza kati ya yale manne limebanana nyasi kavu ndefu ndefu, ngumu, yaani kama zimeingia jana na hazijaguswa.

Nilipokuwa chuo cha mifugo tulifundishwa hili ila halikuniingia mpaka nilipoliona kwa mkono wangu. Mbuzi hasagi nyasi peke yake, anawafuga vijidudu kwenye tumbo la kwanza na hao ndo wanaomvunjia nyuzi za majani. Hao vijidudu nao wanataka chakula, wanataka naitrojeni, na ile lishe yote ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya protini ghafi wanapungua na kulala. Wakilala, nyasi inakaa tumboni siku nyingi, mnyama anajisikia kashiba, hali tena, na mwili unajila wenyewe. Nyasi zetu za Kongwa wakati wa masika ziko vizuri tu, lakini ikifika Septemba zinakuwa na asilimia 3 au 4. Mvua ya huku ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, milimita 500 hivi mwaka wa kawaida, kwahiyo kuna miezi saba mnyama anakula kitu ambacho ni kama karatasi.

Mashudu ya alizeti yapo, ila bei ya kiangazi si ya mtu mwenye mbuzi 34. Vichaka vipo bure na vinabaki na majani au matunda muda ambao nyasi zimeshakufa, maana mizizi yake inafika chini ambako nyasi haifiki. Mradi wenyewe ni huo: kuvuna majani ya vichaka vya hapahapa sasa hivi yakiwa mabichi, kuyakausha, kuyaweka, afu kuyatoa kidogo kidogo kuanzia Agosti na kuangalia kwa mizani kama yanasaidia kweli.

Mei 2

Nimeshinda porini na mbuzi toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, sijafanya kitu kingine zaidi ya kuandika wanakula nini. Babu (mdogo wake marehemu babu yangu, ndo aliyebaki anayejua mimea) alikuja na fimbo yake, tukasalimiana mbukwenyi pale kisimani na hakuniacha tena siku nzima. Kila mbuzi anaponyanyua kichwa babu anataja mti kabla sijauliza.

Nilidhani wanakula nyasi zaidi. Hapana. Zabibu, jike letu kubwa lenye doa jeusi shingoni, kwa saa nzima ya kwanza hakuinamisha kichwa hata mara moja. Alikuwa kwenye mgunga, na nilisogea karibu kabisa kumwangalia anavyofanya. Mgunga una miiba ya aina mbili, mirefu myeupe iliyonyooka na mifupi iliyopinda kama ndoano, na majani yenyewe ni madogo kama punje za mchele. Anaingiza mdomo pembeni ya mwiba, mdomo wa juu unatambaa wenyewe kama kidole, unakusanya vijani, afu anavuta kichwa kurudi nyuma taratibu na tawi linabaki na miiba tu. Ng'ombe hawezi hiyo, mdomo wake mpana, anatumia ulimi. Kuna mtaalamu Mjerumani, Reinhold Hofmann, alifanya kazi Nairobi miaka hiyo ya sitini na sabini, akapasua matumbo ya wanyama wengi wa Afrika Mashariki akawapanga: walaji wa nyasi, walaji wa majani ya miti, na wale wa katikati wanaobadilika kufuatana na msimu. Mbuzi yuko hapo katikati. Mate yake nayo yanasaidia kukamata tanini (ule ukakasi unaong'ang'ania protini) iliyoko kwenye majani kabla haijaleta shida, hili ntalirudia maana ndo moyo wa mradi wote.

Orodha tuliyotoka nayo mimi na babu: mgunga, mkole (Grewia bicolor), mtundulu (Dichrostachys cinerea), mduguyu (Balanites aegyptiaca, wengine wanauita mjunju), msegese, na mswaki kidogo kule kwenye magadi. Mimea mingine tuliyoiona wakiidokoa mara moja moja inafika kumi na kitu. Kwa siku moja mbuzi mmoja alionja aina 19. Naomba ikumbukwe hiyo namba.

Kwa atakayetaka kusoma zaidi: mgunga kwenye maandishi ya zamani ni Acacia tortilis, kwenye mapya ni Vachellia tortilis, maana kwenye mkutano wa wataalamu wa mimea Vienna mwaka 2005 jina Acacia waliachiwa miti ya Australia. Ukitafuta kwa jina moja tu unakosa nusu ya taarifa.

Mei 9 hadi 27

Uvunaji. Tupo mimi, mama, dada yangu na mchungaji wetu. Mkole ni rahisi, hauna miiba, unakata tawi la unene wa kidole kwa panga, unafunga mzigo, unabeba. Mgunga tunautumia upembo, mti mrefu wenye ndoano mbele, unavuta tawi mtu mwingine anakata. Mtundulu una miiba inayotoboa ndala na hata tairi la baiskeli, dada katobolewa mguu siku ya pili ikabidi tusimame siku mbili.

Sheria tuliyojiwekea ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya matawi ya mti mmoja, na miti michanga hatuigusi. Mtundulu tu ndo tunakata hadi chini, maana wenyewe unavamia malisho, ukiuacha miaka michache eneo lote linakuwa kichaka kisichopitika na nyasi zinakufa chini yake. Kwahiyo huo ukiukata unapata chakula na unapata nafasi ya nyasi, na bado unachipua tena.

Muda wa kuvuna ni wa muhimu kuliko watu wanavyodhani. Jani likikomaa linaongeza nyuzi na protini inashuka, na mti unapojiandaa kupukutisha unavuta kilicho kizuri kutoka kwenye jani unakirudisha ndani. Ukiokota majani yaliyoanguka Julai unaokota ganda. Ya Mei, mvua imekata na jani bado kijani kabisa, ndo yenyewe.

Mei 31

Tumepoteza viroba vitatu. Naandika vizuri ilivyotokea ili mwingine asirudie. Majani ya mkole tuliyakausha siku moja na nusu tu, kwa juu yakawa yanakwaruza tukaona tayari, tukashindilia kwenye viroba. Siku ya nne mama akaweka mkono ndani ya kiroba akasema kuna joto. Tukamwaga kwenye turubai: katikati yamegeuka rangi ya kahawa, yana harufu kama ya kibanda kilichofungwa muda mrefu, na nyuzi nyeupe za ukungu zimeshika jani na jani.

Dada akasema mbuzi si wachague wenyewe yaliyo mazima. Nikakataa, tukachimba shimo tukazika. Sisi wa Dodoma hili hatutakiwi kulichukulia kirahisi, mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu mkoa wetu na Manyara kwa sababu ya mahindi, na ukungu haujali ni mahindi au ni majani.

Tunavyofanya sasa: matawi yananing'inizwa chini ya paa la banda, kivulini, upepo unapita, siku nne mpaka sita. Kivuli kwa sababu jua kali linaua ule ukijani, na kwenye ukijani ndo kuna karotini ambayo mnyama anaigeuza vitamini A. Ng'ombe anayepapasa njia jioni mwishoni mwa kiangazi, anagonga mlango wa zizi, mara nyingi hiyo vitamini ndo anayoikosa. Tunapima ukavu kwa kuvunja kikonyo, kikipinda bado, kikivunjika na kulia ka! ndo tayari. Afu unapiga matawi kwa fimbo juu ya turubai, majani yanadondoka, miiba inabaki kwenye tawi. Mgunga unafurahisha hapo, vijani vinamwagika kama mvua.

Vimebaki viroba 14, kila kimoja kilo 16 hivi. Tumeviweka juu ya mbao, havigusi ukuta.

Juni 15

Suala la namba. Ukisoma vipimo vilivyochapishwa vya hivi vichaka, majani ya mgunga na mkole mara nyingi yanatajwa kati ya asilimia 12 na 18 ya protini ghafi, mduguyu nao humohumo na wakati mwingine unapita. Mtu akiona hivyo anasema hii ni sawa na lusaini (malisho yanayosifika kwa protini), tumemaliza kazi. Hapana jamani. Inabidi ujue ile namba inapatikanaje. Maabara haipimi protini, inapima naitrojeni, kwa njia aliyoitoa Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883, wakishaipata wanazidisha mara 6.25 wanaita protini ghafi. Sasa majani ya vichaka vyetu yana tanini, na tanini inaikamata protini inaing'ang'ania, na ile iliyong'ang'aniwa nayo inahesabiwa kwenye namba hata kama mbuzi ataitoa yote kwenye kinyesi. Majani mawili yanaweza kuwa na 16 yote, moja likampa mnyama karibu yote na lingine likampa nusu.

Tanini yenyewe si adui moja kwa moja. Ikiwa kidogo, asilimia 2 mpaka 4 hivi, inaificha protini isimalizwe na vijidudu tumbo la kwanza, inafika mbele tumbo la nne inafunguka, mnyama anaipata yeye mwenyewe, na pia imeonekana inapunguza minyoo. Ikizidi ndo inafunga kila kitu, hamu ya kula inakata, kinyesi kinakuwa kikavu kigumu.

Maabara sina, kwahiyo nimefanya kipimo cha jikoni. Misumari yenye kutu nimeiloweka kwenye siki siku tano, ile siki ikawa na rangi ya chai. Afu kila aina ya jani kavu nimepima vijiko viwili, nimetwanga, nimeloweka kwenye maji ya moto kikombe kimoja dakika ishirini, nimechuja kwa kitambaa cheupe. Nimepanga vikombe vitano mezani, mama na dada wamesimama, nikadondosha matone matano ya ile siki ya misumari kila kikombe. Mduguyu umebadilika kidogo sana, kijivu. Mkole umekuwa kijivu cha kijani. Mgunga ukaja kijani kizito. Msegese na mtundulu vikageuka vyeusi hapohapo, vyeusi kabisa kama wino, tone la kwanza tu linapogusa maji unaona wingu jeusi linashuka mpaka chini ya kikombe. Dada akaweka kidole akaandika herufi kwenye karatasi na ikakaa. Kwa kweli hiyo ni wino halisi, watu wa zamani walitengeneza wino kwa chuma na tanini hivyohivyo.

Kipimo hiki hakikupi asilimia, kinakupa mpangilio wa nani kazidi nani kwa makadirio. Kwangu kinatosha kuanzia. Mduguyu nao nilitikisa kwenye chupa ukatoa povu jingi, hiyo ni saponini, kitu kinachotoa povu kama sabuni, ndo maana wazee walikuwa wanafulia na tunda lake, na kwa samaki ni sumu. Kwa mbuzi kwenye mchanganyiko sijaona shida.

Juni 29

Ndoo tano, aina tano, gramu 500 kila ndoo, mbuzi sita wazima mmoja mmoja kwa nusu saa. Mkole uliisha kwanza kwa wote sita. Mgunga wa pili kwa wanne, mduguyu wa pili kwa wawili. Mtundulu waliula robo hivi wakaacha. Msegese walinusa tu. Mpangilio wa mbuzi na mpangilio wa vikombe vyangu umekaribiana sana, ila mduguyu ningetegemea uwe wa kwanza kwa kukosa tanini na haukuwa, labda ni hiyo saponini, ina uchungu.

Babu alivyoona akasema mngeniuliza mimi ningewaambia bila vikombe. Nikamwambia babu ni kweli, ila nilitaka na mimi nijue kwa nini.

Julai 20

Hesabu. Hii ningependa kila mfugaji aifanye mwenyewe kwa kalamu. Mbuzi mdogo wa kilo 15 anakula nusu kilo hivi ya chakula kikavu kwa siku. Nyasi ya Septemba tuseme asilimia 4, jani la mkole na mgunga tuseme 16. Ukifanya robo tatu nyasi na robo moja majani: robo tatu ya 4 ni 3, robo ya 16 ni 4, jumla 7. Yaani unafika palepale kwenye mstari wa kuamsha vijidudu kwa gramu 125 tu za majani kwa siku, konzi chache. Na kumbuka ile protini ya majani haimlishi mbuzi peke yake, inawaamsha vijidudu wakavunje ile nyasi kavu ambayo ilikuwa inakaa tu tumboni. Kwahiyo majani kidogo yanaifanya nyasi ambayo hukuilipia iwe chakula. Ukimpa mbuzi majani matupu kwa siku mbili mfululizo afu ukakaa wiki hujampa, umepoteza majani yako. Ni kidogo, kila siku.

Makundi: vibuzi 12 wa umri unaokaribiana, tumewapima kwa mizani ya kuning'iniza na kuwagawa wanne wanne. Kundi la kwanza malisho ya kawaida tu. Kundi la pili malisho pamoja na mkole na mgunga nusu kwa nusu. Kundi la tatu malisho pamoja na mtundulu, maana mtundulu ndo uko mwingi kuliko yote na ningependa sana ufae. Wote jiwe la chumvi lilelile, maji yaleyale. Majike sita wenye mimba wataanza Septemba na mchanganyiko, gramu 200 kila mmoja, hao siwaweki kwenye majaribio, mwaka jana umetosha.

Agosti 1

Tumeanza.

Agosti 16

Makonda (matunda) ya mgunga yameanza kudondoka, yale yaliyojipinda kama chemchem ya kalamu. Asubuhi mbuzi wakifunguliwa wanakimbia moja kwa moja chini ya miti. Turkana kule Kenya watu wanayakusanya wanayaweka kwa ajili ya kiangazi toka enzi. Ukiyavunja mbegu ndani ni ngumu sana na protini nyingi imo kwenye hizo mbegu, shida ni kwamba mbuzi anaimeza nzima na inatoka nzima, au anaitema wakati wa kucheua, ukienda asubuhi pale walipolala unakuta mbegu safi zimelundikana. Ndo maana kwenye mazizi yaliyohamwa unaona migunga imeota imejaa. Kwa mti ni faida, kwa mimi ni hasara, kwahiyo tumekusanya viroba viwili na tumeomba mwenye mashine ya kusaga atuparazie kabla hajafanya usafi wa mashine. Amekubali kwa bei ya debe moja. Unga wake una utamu fulani, mama kauonja.

Septemba 6

Kundi la tatu lina shida. Wiki ya tatu walianza kuacha majani kwenye karai, wiki hii wawili hawacheui vizuri na kinyesi ni vipunje vidogo vikavu vyeusi. Uzito umeshuka kuliko hata kundi lisilopewa chochote. Bwana mifugo wa kata kaja, kawaangalia macho na ufizi, hana alichoona cha ugonjwa. Mi naamini ni tanini.

Imenikumbusha kitu kilichotokea Afrika Kusini miaka ya themanini, tandala wengi walikufa kwenye mashamba ya wanyamapori yenye uzio, kiangazi, matumbo yana majani, na uchunguzi ukaelekeza kwenye tanini ya migunga. Tandala porini anakula hapa anatembea, anakula pale anatembea. Ndani ya uzio kiangazi anarudi kwenye mti uleule. Na mimi nimefanya hivyohivyo kwa vibuzi wanne, nimewawekea aina moja kwenye karai kila jioni, wakati mbuzi huyohuyo porini alinionyesha mwezi wa tano kwamba kwa siku anaonja aina 19. Anachanganya kwa sababu anajua mwili wake unaweza kubeba kiasi gani cha kila kimoja. Ukimkatia na kumletea unamnyang'anya huo uchaguzi, sasa inabidi wewe ndo umchanganyie.

Tumesimamisha mtundulu peke yake. Kuanzia leo kundi la tatu wanapata mkole nusu, mduguyu robo, mtundulu robo. Nilisoma kwamba majivu ya kuni yanavunja tanini, tukajaribu kunyunyizia maji ya majivu kwenye mtundulu, wakayakataa kabisa, tumeachana nayo.

Septemba 19

Wanacheua. Wote wanne. Jioni nimekaa zizini na taa nikihesabu, kibuzi kimoja kililala ubavu karibu na mguu wangu, unaona donge linapanda shingoni, taya linaanza kwenda kulia kushoto, nikahesabu mara 48 ndo akameza. Wiki mbili zilizopita huyu alikuwa anasimama tu pembeni kajikunja mgongo.

Oktoba 10

Mwezi mgumu. Nyasi zimeisha kabisa upande wa mlimani, ng'ombe wa jirani wameanza kutafuna mifupa, hiyo ni kukosa fosforasi. Naliweka wazi kwamba majani ya vichaka yana kalisi nyingi na fosforasi kidogo, kwahiyo hapo hayatakusaidia, tafuta jiwe la madini lenye fosforasi, na mifupa ya mizoga izikwe maana ng'ombe wanaweza kupata sumu humo wakapooza.

Mkaa unaniumiza roho. Mgunga mmoja mkubwa tuliochuma Mei na kuokota makonda yake Agosti nimeukuta chini leo, umekatwa, tanuru linafuka. Magunia machache yataenda barabarani na yameisha, na ule mti ungekuwa unamwaga makonda kila mwaka mpaka wajukuu. Simlaumu aliyekata, najua nyumba yake ina hali gani. Ila nchi hii vichaka vimedharauliwa muda mrefu. Hapahapa Kongwa mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kung'oa vichaka walime karanga, mizizi ikavunja vyuma, udongo ukageuka kama saruji kiangazi, na ndani ya miaka michache mradi ukafa. Ardhi ikaja kuwa ranchi ya mifugo. Wenzetu wa Shinyanga walienda njia nyingine, toka mwaka 1986 chini ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) wakarudisha ngitili, unafunga eneo masika, nyasi na vichaka vinakua, unafungua kiangazi, na Wamasai nao wana ya kwao, alalili. Tumeongea na majirani wawili kufunga ekari nne za bondeni kuanzia mvua ijayo. Wamekubali kwa mdomo.

Oktoba 22

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisipande lusina tu, ule mti wa malisho. Lusina ni nzuri, protini inapita 20, ila imetoka Meksiko na kwenye mvua zetu bila kumwagilia miche mingi inakufa, na kuna wadudu walioingia Afrika Mashariki mwaka 1992 wanainyonya majani machanga. Pia ina sumu inaitwa mimosini, ikizidi nywele zinanyonyoka. Raymond Jones wa Australia aliona mbuzi wa Hawaii wanaila bila shida, akagundua wana kijidudu tumboni kinachovunja hiyo sumu, wakakihamishia kwa mifugo ya kwao. Habari nzuri sana hiyo, lakini mi nataka kwanza nijue nilichonacho.

Oktoba 31

Mizani ya mwisho, wiki 13. Kundi la kwanza, malisho tu, wamepungua kilo 1 na gramu 300 kwa wastani. Kundi la pili wameongezeka kilo 1 na gramu 100. Kundi la tatu, lile lililoumia na mtundulu likabadilishwa, wamerudi palepale walipoanzia, pungufu ya gramu 100. Ni mbuzi 12 tu na ni mwaka mmoja, sitasema zaidi ya hapo. Ila hakuna aliyekufa kwenye makundi yote matatu, na kundi la kwanza kuanzia kesho nao wanapata mchanganyiko, siwezi kuwaangalia tena.

Kilo 1 inaonekana ndogo. Ukitembea mnadani kwa mwezi wa kumi na moja unajua thamani ya mbuzi ambaye hajakonda wakati wote wamekonda.

Novemba 14

Zabibu kazaa mapacha, jike na dume, saa kumi alfajiri. Kondo limetoka lenyewe, maziwa yapo, vitoto vimesimama kabla jua halijatoka. Mwaka jana tarehe kama hizi ndo tulikuwa tunamzika wa tatu.

Majike wengine watano bado, mmoja nadhani wiki ijayo.

Desemba 5

Mvua ya kwanza jana usiku, ya kuloanisha tu. Ila mkole ulishachipua toka wiki iliyopita, kabla ya tone lolote, nyasi bado ni vumbi na mkole una majani laini ya kijani mpauko. Mbuzi wanaviona kutoka mbali. Tumewazuia upande huo kwa wiki tatu, tumeweka miiba ya mtundulu kama boma, miti tuliyoikata Mei tunataka ivae majani yote kwanza.

Majike wote sita wamezaa, vitoto tisa, kimoja kilizaliwa kimekufa. Kimebaki kiroba kimoja cha majani mchanganyiko, nimekifungua nikakinusa, kikavu na bado kina harufu ya Mei. Mwakani: mkole zaidi, mtundulu usizidi robo, makonda tuanze kuokota wiki mbili mapema kabla ng'ombe wa jirani hawajafika, na kamba ya kuning'inizia matawi iwe mita 60, ile ya 30 haikutosha.

Bondeni tumeshaweka alama kwenye pembe zote nne.